FEDHA KATIKA SIMU: NANI ALIWEKA SHERIA ZAKE?

Sogeeni karibu na redio, na daftari liwe mkononi.

Wazee wetu waliokwenda manamba Tanga kukata mkonge waliijua taabu ya kupeleka fedha nyumbani. Tangu mwaka 1944, SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge, ilikuwa ikiandika vibarua hapa Buha. Mshahara ulirudi kwa hawala ya posta, au mfukoni mwa mwenzako aliyemaliza mkataba. Akiibiwa njiani, basi, umeibiwa wewe.

Simu ya mkononi ilipunguza taabu hiyo, lakini ilikuja na sheria zake. Sheria hizo hazikushuka kutoka mbinguni.

Mwaka 2005 kulifanywa majaribio huko Kenya. Shabaha ilikuwa wakopaji walipe madeni yao kwa simu. Lakini watu walipoizoea, walianza kutumiana fedha wao kwa wao. Waliobuni wakabadili mpango wao, na M-Pesa ikaanza rasmi Kenya mwaka 2007, na kwetu Tanzania mwaka 2008. Hapo watumiaji walishinda.

Si kila mara. Hapa nchini kila kampuni ilijenga ukuta wake. Mtu wa Tigo akimtumia mtu wa Airtel, mpokeaji hakuona fedha katika simu yake. Alipata namba tu, aipeleke kwa wakala wa Tigo. Je, kama kijijini hakuna wakala huyo? Mama alifunga safari mpaka mjini kufuata fedha ambazo aliambiwa zimekwisha fika! Mitambo haikuwa na kosa. Ni watu waliokuwa hawajapatana. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel walipatana. Vodacom, yenye wateja wengi kuliko wote, iliingia mwaka 2016.

Liko jambo jingine, nalo wengi hawalijui. Fedha zilizo katika simu zenu huwekwa benki, katika akaunti ya amana, nazo huzaa faida. Faida ya nani? Mwaka 2014 Tigo, ambayo tangu 2024 inaitwa Yas, ilianza kuwagawia wateja wake faida hiyo. Mwaka 2015 Bunge likapitisha Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa.

Kisha ikaja tozo ya Serikali, tarehe 15 Julai 2021: shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala mmoja. Watu wakalalamika, na wengine wakarudia kubeba noti mfukoni. Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka 2022 ikapunguzwa tena.

Sasa zoezi. Fungueni ujumbe wa mwisho mliopata baada ya kutuma fedha. Andikeni katika daftari kiasi kilichotumwa, kisha makato yote. Namba ya siri msiiandike, wala msimwonyeshe mtu, hata mimi mwalimu wenu. Tutaanza na hesabu hizo Jumanne.