Vita Bila Dadu

Wachezaji wa michezo ya kuigiza wahusika mezani, ile ambayo kundi hutunga safari pamoja chini ya msimulizi mmoja, hawajawahi kuafikiana kuhusu namna ya kuendesha mapigano. Wapo wanaotaka kila pigo lipimwe kwa dadu na majedwali. Wengine wanataka mchezaji aseme tu anachofanya, msimulizi aamue kilichotokea. Njia hii ya pili hudhaniwa kuwa mtindo wa juzijuzi, wa watu waliochoshwa na hesabu. Ukweli ni kwamba ina umri mkubwa kuliko michezo yenyewe, na walioianzisha walikuwa wanajeshi. Tena haijawahi kusimama bila nguzo: kila iliposhika mizizi, palikuwa na jambo ambalo wachezaji wote walishalikubali kabla ya pigo la kwanza.

Mwaka 1824 Georg von Reisswitz, luteni wa mizinga katika jeshi la Prussia, alichapisha kanuni za mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani ya kipimo cha 1:8000. Wachezaji walimwandikia mwamuzi amri zao, naye akasogeza vibao vya vikosi, zamu moja ikiwa sawa na dakika mbili za vita, na kila upande ukaonyeshwa kile tu ambacho makamanda wake wangeweza kukiona. Hasara zilitokana na dadu na majedwali. Mnadhimu mkuu, Karl von Müffling, aliupenda akaupigia debe jeshini. Lakini kadiri miaka ilivyopita wengi waliona mwamuzi anamaliza muda wake akipekua namba. Ndipo mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois, aliyetumika chini ya mnadhimu mkuu Moltke katika vita vya 1866 na vya 1870–71, akapendekeza majedwali yawekwe kando na mwamuzi aamue kwa ujuzi wake. Wapanda farasi wakiuvamia ukuta wa mawe wenye askari wa bunduki nyuma yake, mtu aliyeona vita hahitaji jedwali kujua mambo yataishia wapi.

Hapa huja pingamizi zito. Verdy alikuwa amenusa baruti, na msimulizi wa leo hajawahi kushika hata upanga wa mbao, ataamuaje? Ni kweli, luteni aliyeshindwa mezani alinyamaza kwa sababu aliyemwamulia alikuwa mkubwa wake na alikuwa amerudi kutoka uwanja wa vita. Cheo na uzoefu ndivyo vilivyokuwa nguzo. Swali ni nini kilichokuja kukaa mahali pake mchezo ulipohamia kwa raia.

Jibu la kwanza linapatikana Minnesota, Marekani. Katika miaka ya 1960 David Wesely alikuta maktabani Strategos, kitabu cha karne ya 19 cha Charles Totten, akachukua humo wazo la mwamuzi mwenye mamlaka, anayeweza kumruhusu mchezaji kujaribu hata jambo ambalo kanuni hazikulitaja. Mwaka 1969 aliendesha mchezo katika mji wa kubuni, Braunstein, enzi za Napoleon, na baadhi ya wachezaji hakuwapa majeshi bali nafasi za watu, kama meya au mkuu wa chuo kikuu. Wawili wakataka kupambana ana kwa ana. Kanuni hapakuwa nayo, ikabidi Wesely abuni papo hapo. Yeye aliona mchezo umeharibika. Wenzake wakamtaka aandae mwingine. Walimkubali kwa sababu walikuwa wakifahamiana.

Lakini ushahidi huohuo unamsuta mtetezi wa usimulizi. Dave Arneson, mmoja wa kundi hilo, alipoanzisha mchezo wake wa Blackmoor alijaribu kanuni za Chainmail, za mwaka 1971, ambamo mtu hufa kwa pigo moja. Wachezaji walikwisha kuwapenda wahusika wao na hawakutaka wafe hivyo. Arneson akaazima kutoka kanuni za vita vya meli wazo la chombo kinachohimili mapigo kadhaa kabla ya kuzama. Kwa hiyo namba hazikuletwa na watu wasio na ubunifu. Waliozitaka ni wachezaji wenye cha kupoteza. Halafu mwaka 1974 Dungeons & Dragons ikatoka, nakala 1,000 za kwanza, ikafika kwa watu ambao hawajawahi kumwona Arneson wala mwandishi mwenzake Gary Gygax. Hapo kitabu kililazimika kubeba imani ambayo kule Minnesota ilibebwa na urafiki. Steve Perrin, aliyezoea kupigana kwa silaha za kuigiza, alikwenda mbali zaidi katika RuneQuest ya 1978: shambulio, kinga, kisha kiungo kilichopigwa. Ule uzoefu ambao Verdy aliuweka kichwani mwa mwamuzi, Perrin aliutia ndani ya majedwali.

Erick Wujcik alitafuta nguzo nyingine mwaka 1991. Katika mchezo wake, Amber, hakuna dadu kabisa. Kila mchezaji ana pointi 100, na sifa kama nguvu, stahamala na ustadi wa vita hunadiwa mbele ya wote. Mshindi wa mnada wa vita ndiye bora, na hakuna wa kulalamika kwani kila mtu aliona alivyolipa. Aliye chini yake akisimama uso kwa uso atashindwa, kwa hiyo ni lazima mchezaji aseme kitu: anarudi nyuma hadi kwenye ngazi nyembamba, anamtupia mwenzake joho usoni, anaurefusha mpambano mpaka stahamala iwe ndiyo inayoamua.

Watasema bado msimulizi anaweza kupendelea. Anaweza, lakini dadu hazimzuii: ni yeye anayesema wamejificha wangapi nyuma ya mlango, na hilo mara nyingi halirushiwi dadu. Afadhali mamlaka yake yaonekane na yawe na mpaka. Vincent na Meguey Baker waliliona hilo katika Apocalypse World ya 2010: mapigano hayana zamu, mchezaji husimulia kwanza, na dadu huingia pale tu alichofanya kinapozidai. Anayezirusha ni mchezaji mwenyewe. Msimulizi hazirushi hata mara moja.