Meno ya Plastiki na Meno Yasiyokutana

Mwaka 1969 mtaalamu wa kinywa kutoka Denmark, Jens Pindborg, aliandika aliyoyaona Uganda: watoto wachanga kung'olewa chonge zikiwa bado ndani ya ufizi, kwa kudhaniwa ndizo zinazoleta homa na kuharisha. Hata Kenya wako wanaoyaita meno ya plastiki, wakayachokoa kwa spoku ya baiskeli. Kile cheupe laini si mdudu, mama. Ni jino changa la mwanao. Likitolewa, chonge ya ukubwani huenda ikaota imeharibika au isiote, mengine yakasogea pengoni, ya juu na ya chini yasikutane. Kuyanyoosha kwa waya huchukua miaka, na ni ghali. Mtoto akiharisha, mnyonyeshe, mpe maji ya ORS, umpeleke kliniki.