Kigunduzi cha Metali, si cha Madini

Okota jiwe la malakiti, lile la kijani ambalo Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, huokotwa hata kando ya barabara, uliweke chini. Pembeni yake tupa kizibo cha soda. Sasa vaa vipokea sauti, shika ile mashine ya fimbo ndefu yenye sahani mwishoni, uipitishe juu ya vyote viwili. Kizibo kitapiga kelele masikioni mwako. Jiwe lenye shaba, lile lililomfanya mchimbaji ahame kwao aje kupanga chumba Dilala, mtaa wa mji huo, halitasema neno.

Matangazo mengi ya Kiswahili huiita mashine hiyo "kigunduzi cha madini". Hiyo ni tafsiri inayoweza kumlia mtu akiba yake yote. Waingereza katika jina lake wametaja metali. Kifaransa cha Kolwezi, détecteur de métaux, kimetaja metali vilevile. Sisi tumeweka madini, neno la asili ya Kiarabu ambalo kwetu limekuwa kapu kubwa: dhahabu imo, chumvi imo, tanzanaiti imo, mawe ya kobalti yamo. Mashine haijui kapu hilo. Inachouliza hasa ni kama kitu kilicho chini yake kinapitisha umeme vya kutosha.

Ndani ya sahani mna waya ulioviringishwa, yaani koili. Umeme unaobadilikabadilika hupita humo na kujenga uga wa sumaku unaozama ardhini. Uga ukikuta kizibo, msumari au sarafu, huamsha ndani yake vijimkondo vya umeme vinavyozunguka, navyo vinarudisha uga mdogo wa kwao. Mashine hulipokea jibu hilo na kuligeuza sauti. Katika malakiti shaba ipo, na ni nyingi, ila imefungamana na kaboni, oksijeni na hidrojeni. Haikukaa kama shaba ya waya au ya sufuria. Heterojeniti, jiwe jeusi la kobalti, nalo limefungwa na oksijeni. Umeme hauna njia humo, na pasipo njia hakuna jibu.

Kosa la jina hili halionekani Geita, kwenye dhahabu ya Tanzania. Dhahabu hukaa ardhini ikiwa dhahabu, na kipande chake kikiwa kikubwa kiasi na hakikuzama mno, mashine itaitika. Hapo madini na metali vimekutana katika kitu kimoja, na mfasiri amenusurika kwa bahati. Likivuka Ziwa Tanganyika likafika Lualaba, jimbo la Kolwezi, neno lilelile linageuka uongo. Vinu vya kusagia mawe vinatoa ushahidi mzuri kuliko wangu. Migodini kigunduzi hufungwa kwenye mkanda unaopeleka mawe kinuni ili kunasa jino la ekskaveta lililong'oka, lisije likavunja kinu. Kama kingekuwa kigunduzi cha madini, mkanda huo ungesimama kutwa nzima.

Wachimbaji wa mkono wa Kolwezi, wale wanaoitwa creuseurs, hawahitaji kusomeshwa tofauti hii. Kwenye depo za Musompo, soko la mawe nje ya mji, kifaa wanachokijua na kukigombania ni kile wanachokiita Metorex. Hicho hupiga miale ya eksirei juu ya jiwe na kutoa tarakimu: asilimia kadhaa za kobalti, asilimia kadhaa za shaba. Hicho ndicho chenye haki ya kuitwa kipima madini, nacho hakina mlio wa kusikiliza.

Kuhusu nusu ya kwanza ya jina, nasimama na "kigunduzi" dhidi ya "kitambuzi". Kutambua ni kujua kitu ni kipi. Kugundua ni kujua kwamba kipo. Mashine nyingi zina kidude cha kuchuja milio, lakini hata hizo hubahatisha: pete ya dhahabu na kipande cha karatasi ya alumini vinaweza kulia karibu sawasawa. Basi ni kigunduzi cha metali.

Tuje masikioni. Vipokea sauti si pambo lililoongezwa juzi. Julai 1881, Rais James Garfield wa Marekani akiwa kitandani na risasi mwilini, Alexander Graham Bell alimletea kifaa cha koili ili aitafute risasi hiyo, na alichokishika sikioni kilikuwa kipokea sauti cha simu. Hakuipata; sababu moja inayotajwa ni springi za chuma za godoro la rais. Tangu hapo mashine hii imekuwa kazi ya sikio kuliko jicho, kwa kuwa kitu kidogo kilichozama hutoa mnong'ono ambao spika ya nje ingeupoteza katika upepo na kelele za pikipiki. Kolwezi vipokea sauti hivi ni casque, na kwa Kifaransa casque ni pia kofia ngumu ya mchimbaji. Mtu akiambiwa avae casque, inabidi aulize ipi.

Halafu, kwa vipokea sauti visivyo na waya, kuna "pasiwaya". Neno zuri, fupi, na wenye kusema "visivyotumia waya" hawakosei. Ila kuna kichekesho kidogo. Simu yetu imetokana na sim ya Kiajemi, na maana yake ni waya, pia fedha, ile metali nyeupe. Babu zetu waliopiga simu walikuwa, kwa asili ya neno, wanapiga waya. Redio za mawasiliano zilipokuja zikaitwa simu ya upepo, yaani waya wa upepo, na hakuna aliyelalamika. Nakiri ningependa vipokea sauti vya upepo, lakini wauzaji wameshalizoea pasiwaya na sina nguvu za kupigana nao.

Istilahi inayokosekana ni ile ya kasoro ya vifaa hivi. Umewahi kumtazama mtu akipasua kuni ng'ambo ya mto? Shoka linatua kwanza, mlio unakuja baadaye. Bluetooth ya kawaida hufanya vivyo hivyo: hufunga sauti, huirusha, huifungua, na mara nyingi hula zaidi ya sehemu 100 kwa 1000 za sekunde, wakati mwingine 200. Kwa muziki hakuna anayejali. Lakini mkono ukipunga sahani kwa mwendo wa mita 1 kwa sekunde, kuchelewa kwa sehemu hizo 200 kunamaanisha kwamba unaposikia mlio, sahani imeshapita kitu kwa sentimita 20. Unachimba pembeni. Ndiyo maana watengenezaji wa vigunduzi hutumia redio zao wenyewe au aina ya Bluetooth ya haraka, inayoshusha muda huo hadi karibu sehemu 40. Baadhi ya tafsiri huandika "ucheleweshaji", kana kwamba kuna mtu anayeichelewesha sauti kwa makusudi. Napendekeza "ukawio", kutoka kukawia: sauti imekawia njiani, basi.

Ukiuziwa vipokea sauti vya pasiwaya, usiulize rangi wala bei kabla ya kuuliza ukawio wake. Muuzaji asipojua, weka sarafu chini, punga sahani polepole kisha haraka, na uweke kijiti kila mahali unaposikia mlio. Kijiti cha mwendo wa haraka kikiwa mbali zaidi na sarafu kuliko cha polepole, huo ndio ukawio unaouona. Na akikuahidi kwamba kigunduzi chake kitakuonyesha kobalti, mrudishie.