Nyoka Gani? Habari za Watafutaji wa Nyoka katika Misitu ya Kivu

Wazee husema kwamba mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Sisi wa Nyabiondo, tukaao pale milima ya Masisi inapoanza kushuka kuelekea msitu mkubwa wa Walikale, twaishi katika unyasi kila siku, na neno hilo twalifahamu vizuri.

Siku moja tulimchukua mama mmoja katika kipoyi. Alikuwa ameumwa mguuni alipokuwa akichimba mihogo. Kabla ya kuondoka, sisi wenyewe tulimfunga jiwe jeusi juu ya jeraha, kama tulivyofundishwa, tukangoja mpaka lianguke. Nusu ya siku ikapita. Jiwe likaanguka, nasi tukafurahi, lakini mguu ulizidi kuvimba. Tulipofika hospitalini mganga alituuliza jambo moja: “Nyoka gani?” Tukatazamana. Vijana walikuwa wamempiga nyoka yule mpaka hana sura, kisha wakamtupa mtoni. Mama alipona, ila mguu wake ulikatwa. Tangu siku ile swali la mganga halijatutoka moyoni, nasi tumetaka kujua ni nani waliowahi kulitafutia jibu katika nchi yetu.

Kati ya miaka ya 1909 na 1915, Herbert Lang na James Chapin, waliotumwa na jumba la makumbusho la New York, walizunguka kaskazini-mashariki ya Kongo wakikusanya wanyama wa kila namna. Nyoka waliopatikana walipelekwa ng’ambo, na mwaka 1923 mtaalamu Karl Schmidt akatoa maandishi juu yao. Baadaye, kati ya 1933 na 1935, Mbelgiji Gaston-François de Witte alitafuta nyoka, vyura na mijusi katika Hifadhi ya Albert, ambayo leo yaitwa Virunga.

Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha chuo cha utafiti kiitwacho IRSAC, nacho kikajenga makao yake Lwiro, karibu na Bukavu. Miongoni mwa wataalamu wake alikuwamo Raymond Laurent. Mwaka 1955 huyo Laurent alitangaza majina mapya ya nyoka wa Kivu, nasi twataja mawili. La kwanza ni la nyoka mdogo wa mitini, mwenye macho makubwa, na magamba yake yamesimama kama manyoya. Alipatikana Lutunguru, kaskazini yetu, upande wa Lubero, akaitwa Atheris hispida. La pili ni la fira wa msitu, yule atanuaye shingo akikasirika. Laurent alimtambua kwa nyoka wa Lwiro, lakini kwa muda mrefu alihesabiwa kuwa tawi tu la fira mwingine. Ilipofika mwaka 2018 wataalamu walilinganisha chembe za urithi, wakaona ni nyoka wa namna yake, ndiye Naja subfulva. Basi, miaka 63 ilipita kabla ya mnyama tunayekutana naye mashambani kufahamika vizuri.

Lakini tujiulize, nani aliyewaona nyoka hao kwanza? Tuchukue mfano wa jirani zetu wa Tanganyika. Kule Newala, katika miaka ya 1950, alikaa Mwingereza C. J. P. Ionides, mkamataji mashuhuri wa nyoka. Alikuwa na desturi ya kutoa fedha kwa waliomletea habari. Mwanakijiji mmoja alibaki chini ya mti akimlinda hongo kwa macho, na mwenzake akakimbia kumwita Ionides. Basi sifa ya kushika ni ya mmoja, bali macho yalikuwa ya wengi. Hata huku kwetu, mgeni hawezi kumwona nyoka mwenye rangi ya majani pasipo mwenyeji wa kumwonyesha. Vitabu vyakumbuka jina la mwandishi. Jina la aliyenyosha kidole na kusema “yule pale” mara nyingi halikuandikwa.

Tena kazi hii ina hatari yake. Yule Karl Schmidt tuliyemtaja, akiwa na umri wa miaka 67, aliletewa nyoka mchanga wa Afrika huko Chicago ili amtambue. Ilikuwa tarehe 25 Septemba 1957. Nyoka akamuuma kidole. Schmidt hakudhani kwamba atakufa, akawa anaandika saa kwa saa jinsi mwili unavyomwendea, na kesho yake akafa. Aliumwa akiulizwa swali lile lile tuliloulizwa sisi: nyoka gani?

Kwetu hatari nyingine imezidi ile ya sumu. Tangu mwaka 1993 vita vimerudi mara kwa mara Masisi na Walikale, na mtu wa elimu hawezi kupita msituni na mfuko wake kama zamani. Hata hivyo, kuanzia mwaka 2007 Mmarekani Eli Greenbaum na Mkongo mwenzetu Chifundera Kusamba, wa kituo kile kile cha Lwiro, wamezunguka milima ya mashariki ya Kongo wakitafuta tena. Twafurahi kuona kwamba safari hii jina la mwenyeji limeandikwa pamoja na la mgeni.

Huenda msomaji atasema, “Majina haya yanatufaa nini?” Yanatufaa hivi. Tangu Mfaransa Albert Calmette atengeneze dawa ya sumu ya fira, miaka ya 1890, dawa ya kweli hutokana na sumu yenyewe: farasi hudungwa sumu kidogo kidogo, kisha maji ya damu yake husafishwa yawe dawa. Dawa ya nyoka mmoja mara nyingi haimshindi mwingine. Asiyejulikana hana dawa, na hata wengine wanaojulikana hawana: mpaka leo hakuna dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya yule wa Lutunguru. Tena mwaka 2014 kiwanda kimoja cha Ufaransa kiliacha kutengeneza dawa iliyotumika sana Afrika. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kila mwaka watu 81,000 hadi 138,000 hufa kwa nyoka duniani. Na mwaka 2017 liliyaandika maumivu haya kati ya magonjwa yaliyosahauliwa.

Na jiwe jeusi? Ni mfupa uliochomwa. Mapadri Weupe walilieneza kwa nia njema, nasi hatuwalaumu. Lakini lilipopimwa kwa panya waliotiwa sumu, halikuonekana kuwa na nguvu. Linachotupotezea ni saa, na saa ndizo alizokosa mama yule.

Basi, ndugu wasomaji, aliyeumwa na atulizwe, asitembee, wala tusimchanje, wala tusimfunge kamba ya kukaza. Tumpeleke upesi. Tusimfukuze nyoka, maana atauma wa pili. Lakini aliyemwona akumbuke rangi yake, urefu wake, na kama alitanua shingo. Siku mganga atakapouliza tena, awepo mmoja wetu wa kumjibu.