Somo la Historia: Taa za Usiku Ziwani

Leo tutasema habari za taa.

Huko Misri liko hekalu la Karnak, lililoanza kujengwa yapata miaka 4,000 iliyopita. Usiku wageni hulipa kiingilio, kuta humulikwa kwa taa, na sauti husimulia habari za wafalme wa kale. Habari hizo twazijua kwa kuwa zilichongwa katika mawe.

Sasa simama ufukoni Ujiji au Kibirizi usiku wa giza. Ziwa limejaa taa. Hizo si tamasha, ni kazi. Dagaa hufuata mwanga, nao wavuvi huwavua. Mwezi ukiwaka, wavuvi hupumzika. Zamani waliwasha moto wa kuni mtumbwini, wakachota dagaa kwa wavu wenye mpini mrefu. Katika miaka ya 1950 zilikuja karabai, na mitumbwi miwili ikafungwa pamoja ili ibebe wavu mkubwa. Siku hizi ziko pia taa za nguvu za jua.

Je, habari hii nani ameichonga? Wazee wanaoikumbuka wanapungua, na ninyi sasa mnajua kuandika. Juma hili kila mmoja amwulize mzee mmoja, "Mlivuaje?" Andikeni sentensi tano, pamoja na jina lake.

Kwaherini.