Kovu la Figo na Krimu za Kung'arisha Ngozi

Leo tunaongea juu ya figo. Tutarudi nyuma kidogo katika historia, kwa sababu inahusu kitu ambacho huenda unajipaka usoni kila asubuhi.

Figo huchuja damu. Hutoa uchafu na maji ya ziada kwa mkojo, lakini protini huibakiza mwilini. Mwaka 1827, daktari Richard Bright wa London alieleza kuwa wagonjwa wake waliovimba mwili walikuwa na figo zilizoharibika. Mkojo wao ulipopashwa moto, uliganda kama ute wa yai. Hiyo ilikuwa protini iliyovuja.

Jambo hilo lilichunguzwa pia hapa kwetu. Mwaka 1972, madaktari wa Nairobi waliandika juu ya wagonjwa 60, watu wazima, waliokuwa wakipoteza protini nyingi kwenye mkojo. Wagonjwa 32, yaani asilimia 53, walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Kwa wagonjwa wa kawaida wodini, waliotumia walikuwa asilimia 11 tu. Zebaki hupenya ngozi, ikaingia kwenye damu na kufika kwenye figo. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu, protini ikatoweka mkojoni.

Lakini mama, si kila figo iliyoumia hupona. Kwa nini? Mwaka 1990, Wayne Border, Erkki Ruoslahti na wenzao huko Marekani walichunguza figo za panya. Waliona kwamba protini moja ya mwili, iitwayo TGF-beta, ndiyo inayoamuru kovu lijengwe. Walipoizuia, kovu lilipungua. Protini hii ni kama fundi wa kuziba kidonda. Kidonda kikiwa kidogo, huziba na kuacha. Figo ikiumizwa kila siku, fundi hapumziki, huziba hata mahali pa kuchujia.

Fikiria ngozi ya mtoto aliyeungua na uji. Penye kovu kubwa hapaoti nywele wala hapatoki jasho. Vivyo hivyo, figo penye kovu haichuji. Dawa zilizopo hupunguza kasi ya kovu, hazilifuti.

Usinielewe vibaya: protini ya chakula si adui. Endelea kumpa mtoto maharagwe, omena, mayai na maziwa. Ila mwenye ugonjwa wa figo afuate ushauri wa daktari.

Mama, kumbuka haya:

1. Krimu zenye zebaki zimepigwa marufuku Kenya, lakini bado huuzwa kichinichini. Ukiona neno mercury au calomel kwenye mkebe, au mkebe hauna maelezo yoyote, usinunue. Usimpake mtoto.

2. Mtoto akiamka macho yamevimba, au mkojo una povu jingi siku baada ya siku, mpeleke kituo cha afya.

3. Ukiwa mjamzito, usikose kupimwa mkojo kliniki. Protini ikionekana, huenda ni figo, au ni dalili ya hatari ya kifafa cha mimba.

Kovu la ngozi kila mtu huliona. La figo halina maumivu mpaka limeenea, lakini kijiti cha kupima mkojo huweza kutuonyesha mapema kwamba figo inaumia. Uliza upimwe.