Streamline: neno lililotoka majini

Kila nikikutana na streamline kwenye tafsiri, kalamu inasita. Kwa wanafizikia wa karne ya 19 halikuwa na makuu: ni mstari tu unaoonyesha maji yanavyopita ubavuni mwa kitu, tuseme meli.

Miaka ya 1930 Wamarekani wakalipandisha treni. Tarehe 26 Mei 1934, Zephyr, treni ya chuma kisichoshika kutu, ilitoka Denver hadi Chicago bila kusimama, zaidi ya kilomita 1,600, kwa saa 13 na dakika 5. Hapo sina ugomvi. Upepo upo, umbo lina kazi. Lakini mwaka mmoja nyuma Raymond Loewy alikuwa ameshabuni kichongeo cha penseli chenye umbo la tone la maji. Jamani, kichongeo cha mezani kinakimbilia wapi? Naona neno lilishaanza kusifia badala ya kupima.

Baadaye likahamia ofisini, na huko ndiko linakouma. Kampuni ikitangaza kwamba inastreamline shughuli zake, mara nyingi kuna watu wanafungasha vitu vyao. Wenzangu huandika "kurahisisha shughuli". Mimi naandika "kupunguza wafanyakazi", hata mteja akinuna.